Kila Kitu Kimo, Lakini Haiwaki

Ukienda kuomba kazi au nafasi ya masomo hapa Tanzania, utaambiwa ulete vyeti halisi pamoja na vivuli vyake. Kivuli ndiyo ile karatasi inayotoka kwenye mashine ya kudurufu. Nalipenda neno hili kuliko "kopi". Kivuli kina umbo la mwenyewe na kinamfuata kila aendako, lakini hakijawahi kwenda sokoni peke yake. Ndiyo maana ofisi nyingine hazikipokei mpaka kigongwe muhuri na wakili. Sasa hebu tazama muhuri ule unafanya nini. Hauongezi herufi kwenye jina lako, wala haupandishi alama zako za hisabati. Cheti kilikuwa kimenakiliwa chote tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni mtu wa nje aliyeweka jina lake na kusema: nimeiona asili, na hiki kinafanana nayo.

Swali langu linaanzia hapo. Kitu kikinakiliwa chote, bila kupungua hata nukta, ni nini ambacho bado hakijahama? Na aliyenakili anadaiwa nini?

Wanafalsafa wana mifano yao ya swali hili, na nitaifikia. Mimi mfano wangu ni laptopu ya mzee mmoja wa Kasumulu.

Kwa asiyepajua, Kasumulu ni mji mdogo wa mpakani, wilayani Kyela. Ukivuka daraja la Mto Songwe tayari upo Malawi. Malori yanapanga foleni, wabadili fedha wanatembea na mafungu ya kwacha na shilingi, mchele unapita, kakao inapita. Na kama mji wowote wa njiani, mafundi hawakosekani. Mmoja wao, kijana wa kompyuta na simu, ana benchi nje ya kibanda chake ambalo jioni hugeuka kuwa langu. Yeye anafungua mashine, mimi nasoma. Umeme ukikatika, tunapiga stori.

Mzee mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Ndani ya laptopu yake kuna historia ya ukoo aliyoiandika kwa miaka mingi, kwa kuwauliza wazee ambao wengi wao sasa hawapo. Kuna pia daftari la kikundi cha kuzikana: nani kachangia, nani kafiwa, nani anadaiwa. Diski ya mashine ile ilianza kugonga, tak, tak, tak, na kila anayejua kompyuta anajua mgongo huo ni wa nini. Akaipeleka kwenye duka moja mjini. Huko wakanakili diski yote kwenda kwenye diski mpya, ya aina ya SSD, wakaifunga ndani ya mashine. Mashine ikawasha taa, ikaonyesha skrini ya buluu yenye maandishi ya kosa, ikagoma. Wakamwambia, "Mzee, kila kitu kimo, ila haiwaki. Dawa yake ni kupiga Windows upya." Yaani kufuta na kuanza moja.

Mzee hakukubali. Alichukua mashine yake na diski zote mbili, akaja Kasumulu.

"Shikamoo mzee," fundi akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze jambo moja tu kabla hujashika bisibisi. Kama kila kitu kimo, mbona haiamki?"

Fundi aliitoa ile diski mpya na kuichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wa USB. Mafolda yote yalikuwepo. Historia ya ukoo ilifunguka, daftari la kuzikana likafunguka, hata picha za wajukuu. Watu wa mjini hawakusema uongo. Kila kitu kilikuwemo.

Sasa naomba uvumilivu kidogo, maana falsafa yenyewe imelala ndani ya ufundi. Kompyuta ya namna ile, ikiwashwa, haijui chochote kuhusu wewe. Inasoma kwanza kipande kidogo sana cha mwanzo wa diski, baiti 512 tu. Humo mna programu fupi ya kuanzishia, jedwali la namna diski ilivyogawanywa, na katikati yake baiti 4 ambazo ni namba ya utambulisho wa diski ile. Programu hiyo humwamsha mwenzake mkubwa, na huyo mkubwa hufungua orodha yake na kusoma: Windows ipo kwenye diski yenye namba fulani, kuanzia mahali fulani. Akienda akaikuta, mashine inawaka. Asipoikuta, anaandika kosa na kusimama. Hatafuti kwa majirani, wala hajiongezi.

Na Windows ina sheria moja: haikubali diski mbili zenye namba moja zifanye kazi pamoja. Ikiona pacha, mmoja inamweka kando. Ukilazimisha awekwe kazini, inamwandikia namba mpya. Basi ndivyo ilivyotokea mjini. Baada ya kunakili, diski mbili zilichomekwa pamoja, mtu akabofya ili ya pili ikubaliwe, na ile mpya ikapewa namba nyingine. Lakini ile orodha iliyo ndani yake ilikuwa imenakiliwa kwa uaminifu wote, na bado ilikuwa inamtafuta wa namba ya zamani. Fikiria mtu ameamka asubuhi, anazunguka nyumba nzima akiita jina lake la jana, na hakuna anayeitika.

Baiti 4, kwenye diski ya gigabaiti 500. Yaliyomo yote yalihama, ila mwito haukuhama.

Fundi hakufuta kitu. Aliitoa ile diski ya zamani inayogonga, akaifunga kwenye karatasi, akaandika juu yake jina la mzee na neno "ASILI". Kisha akawasha mashine kwa kutumia flashi ya kusanikisha Windows, akaingia sehemu ya matengenezo, kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri. Huko napo herufi za diski huwa zinabadilika, C inaweza kugeuka D, kwa hiyo alihakikisha kwanza Windows ipo wapi. Halafu akaandika amri moja, bcdboot, inayoandika upya ile orodha kulingana na diski ilivyo sasa. Akazima, akawasha. Mashine ikaamka, na karatasi la ukutani likiwa lile lile. Mzee akasema "ndaga", ambalo kwa Kinyakyusa ni asante, akalipia, akaondoka na diski zote mbili.

Ningeweza kuishia hapo nikasema fundi huyu hodari kuliko yule. Lakini ufundi si hoja yangu. Nilichobaki nacho ni lile pendekezo la mjini, kufuta na kuanza upya, na urahisi wa namna lilivyotolewa. Maana si kwenye kompyuta tu tunalisikia.

Tazama mto wenyewe. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliutaja Mto Songwe kuwa mpaka. Waliochora walikuwa mbali, na kwenye ramani mto ni mstari. Lakini kwenye uwanda wa chini, kabla ya kumwaga maji Ziwa Nyasa, Songwe unapindapinda kama nyoka, na mafuriko huuhamisha njia. Shamba lililokuwa ng'ambo hii hujikuta ng'ambo ile. Udongo ni ule ule, mpunga ni ule ule, mwenye jembe ni yule yule. Hata lugha haikatiki hapo, kwani Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wanasikilizana bila mkalimani. Shamba halikusogea hata hatua. Iliyohama ni anwani, ile namba ambayo serikali inaitumia kuliita shamba. Nchi hizi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huu, na kuutuliza mkondo ni miongoni mwa mambo yaliyozikutanisha. Sijawahi kusikia mtu mwenye akili timamu akipendekeza kwamba, kwa kuwa shamba halilingani tena na ramani, basi lichomwe moto na kulimwa upya.

Lakini kwa binadamu tunapendekeza. Huku kwetu kuna majina mengi yanayoanza na Mwaky-, na kuna makarani wanaoyaandika Mwaki-. Cheti cha kuzaliwa kina y, cheti cha shule kina i. Miaka ishirini baadaye mtu amesimama dirishani, mzima wa afya, ana sura yake, ana mama yake shahidi, na anaambiwa mfumo haumtambui. Ataenda kuapa, atalipia, atarudi. Wapo wanaochoka na kuliacha jina la baba yao, wakajipiga upya, ili tu walingane na orodha. Herufi moja, mbele ya mtu mzima!

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayoishika ni hii: yaliyomo na orodha vikigombana, rekebisha orodha. Usimfute mwenyewe ili orodha ipumzike. Naiita kanuni ya maadili na si ya ufundi tu, kwa sababu anayependekeza kufuta huwa ni yule asiyepoteza kitu. Kupiga Windows upya ni kazi rahisi kwa fundi. Gharama yote inabebwa na mzee: programu alizozizoea, nywila zilizohifadhiwa, mpangilio aliouweka mwenyewe hadi mkono ukawa unajua njia gizani.

Msomaji mkali atanipinga hapa, na atakuwa na hoja. Atasema: wakati mwingine kufuta ndiyo rehema. Diski ikinakiliwa yote, virusi navyo vinanakiliwa, na uchafu wa miaka unahamia nyumba mpya. Nakala aminifu ni aminifu hata kwa ugonjwa. Nakubali. Ipo mashine inayostahili kuanza upya, na yapo maisha pia, mtu anahama mji ili asiwe tena yule aliyekuwa. Tofauti ni nani ameamua. Mzee angesema "nataka kuanza upya", hilo lingekuwa jambo lake. Kuambiwa na mwingine kwamba huna budi, kwa sababu mwingine huyo hajui orodha ilipo, ni kitu tofauti kabisa.

Sasa nije kwa wanafalsafa niliowaahidi. Plutarch alisimulia merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadili mbao zilizooza, ubao baada ya ubao, hadi watu wakabishana kama ni ile ile. Thomas Hobbes, mwaka 1655, akaongeza chumvi: je, kama mtu aliziokota zile mbao za zamani zote akazipanga upya, merikebu ni ipi kati ya hizo mbili? Ukitaka, ifanye mtumbwi wa wavuvi wa Matema, swali halibadiliki. Na mwaka 1984 Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons, akamweka mtu ndani ya mashine inayosoma mwili wake wote na kumtengeneza mwingine kama yeye huko sayari ya Mars. Jibu la Parfit liliwashtua wengi: kuwa "yule yule" si jambo la maana kama tunavyodhani. La maana ni kwamba kumbukumbu, tabia na nia zinaendelea.

Namheshimu Parfit, na kwa upande wa mashine namkubali. Hakuna anayelia kwamba Windows ya mzee sasa inakaa kwenye chuma kingine. Lakini naona mfano wake unaruka hatua moja. Mtu wake wa Mars akifungua macho, yuko tayari, anaendelea na maisha. Diski ya mzee inatuonyesha kwamba kuendelea hakuji kwenyewe hata pale kila kitu kinapokuwepo. Lazima pawe na kinachokuita, na kikuite kwa jina unaloliitika sasa. Huyo wa Mars angefika na kumbukumbu zake zote, halafu asikute mtu hata mmoja anayemngoja: hana mke pale, hana mdai, hana wa kumwambia karibu. Kuna kitu kingekuwa hakijavuka, na hakuna mashine ya kusoma mwili ambayo ingekiona, kwa sababu hakikuwa mwilini.

Bibi zetu wanalijua hili bila kusoma. Mtoto anapewa jina la babu yake, na bibi anamwita "mume wangu", anamdai mboga, anamgombeza kwa kuchelewa kurudi. Ni utani, na wote wanacheka. Lakini chini ya utani kuna kazi inafanyika. Bibi hadanganyiki kwamba mjukuu ni mumewe. Analiweka jina mahali ambapo litaendelea kuitwa. Hajanakili kitu chochote cha marehemu, si kumbukumbu wala sura, ila ameuhamisha mwito. Ni kinyume kabisa cha duka la mjini, lililohamisha vyote likaacha mwito.

Wapenzi wa fasihi wana sababu ya pekee ya kulifikiria hili, kwa sababu fasihi yetu ya zamani ni mtoto wa wanakili. Tungo nyingi za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zimetufikia kwa nakala ya nakala. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tungo kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann, na sehemu ya tunayoyasoma leo ilipita mkononi mwake. Nakala hizo ziko hai. Kwa nini? Si kwa sababu ya wino. Ni kwa kuwa wapo walioendelea kuzighani, kuzisomesha, kuzibishania. Hati isiyo na mtu wa kuisoma ni kama ile diski iliyochomekwa kwa waya: mafolda yanaonekana, hakuna kinachowaka. Ikumbukwe kwamba neno nakala linatokana na Kiarabu, na huko kitenzi chake ni kuhamisha kitu toka hapa kwenda pale. Nakala njema basi ni safari iliyofika, na safari haijafika mpaka mwenyeji apokee.

Na ile asili je? Hapa ndipo kanuni yangu ya pili. Mwaka 2001 mwandishi Mmarekani Nicholson Baker alitoa kitabu, Double Fold, cha kuzilalamikia maktaba kubwa zilizopiga magazeti ya zamani picha ndogo za filamu kisha zikayatupa magazeti yenyewe. Baadaye baadhi ya filamu zikaonekana hazisomeki vizuri, au zina kurasa zilizorukwa, na karatasi hazipo tena za kurudia. Wakutubi walimjibu kwa ukali, kwamba nafasi ina gharama na karatasi huchakaa. Ni kweli. Lakini hoja yake ya msingi inasimama: nakala inathibitishwa kwa kutumiwa, si kwa kutengenezwa, na hadi ithibitishwe huna haki ya kuitupa asili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Hawakusema msala ni mbaya. Walisema unapita.

Fikiria duka la mjini lingekuwa na tabia nyingine ninayoijua kwa mafundi kadhaa, ya kubaki na diski ya zamani kama spea, au kuifuta ili iuzwe. Mzee angebaki na nakala isiyoamka na asili isiyokuwepo. Kibaya zaidi, daftari la madeni ya kikundi kizima lingekuwa kwenye kabati la mtu asiyemjua. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni jambo jema. Ila sheria haikai kwenye kila kibanda. Kinachokaa hapo ni tabia: kwamba asili hurudishwa mkononi mwa mwenyewe, na ni yeye atakayesema itunzwe, ifutwe, au ivunjwe kwa nyundo.

Tunaishi wakati wa kunakili kila kitu. Kumbukumbu za ofisi zinahamishwa kwenye mifumo mipya, sauti za wazee zinarekodiwa kwa simu, lugha ndogondogo zinamiminwa kwenye mashine, na kila mahali tunaambiwa kwa furaha kwamba kila kitu kimo. Kinyakyusa chote kinaweza kuingia kwenye diski moja ndogo na nafasi ikabaki. Sina ugomvi na kazi hiyo, ni njema na imechelewa. Nawaomba tu wanaoifanya wasiondoke mezani mapema. Wawashe kwanza, waone kama inaamka. Wawaulize wenyewe kama wanaitambua, na waandike jina lao chini, kama afanyavyo wakili kwenye kivuli, ili siku ikigoma tujue pa kwenda kuuliza. Ikigoma, waanze na zile baiti 4 kabla ya kumwambia mzee wa watu kwamba hana budi kuanza maisha upya.